Dalali wa nyumba anamfanyia kazi nani?

Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania wa wakati huo, Selemani Jafo, alitangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Macho ya wengi yalikwenda kwenye maduka ya Kariakoo na uwakala wa pesa za simu. Walioisoma orodha hadi mwisho wakakuta udalali wa nyumba nao umo, na maswali yakaanza. Kumbe dalali anatambulika serikalini? Ana leseni? Na ile elfu ishirini anayoidai kabla hujaona hata mlango wa nyumba, ni haki yake au ni wizi?

Amri ile ilisema nani asiifanye kazi hiyo. Haikupanga dalali Mtanzania atoze kiasi gani, wala alipweje, wala afanywe nini akikupeleka kwenye nyumba ambayo ilishapata mtu wiki iliyopita. Kwa nyumba za kupanga, Dar es Salaam na miji mingi ya Bara, mambo hayo yanaendeshwa kwa mazoea. Mazoea si kitu kibaya, ila yana tabia moja: mgeni ndiye wa mwisho kuyajua, na katika biashara hii mgeni ni mpangaji.

Tuanze kwa kuwatenganisha watu, maana wengi huwachanganya. Mwenye nyumba anajulikana, au tuseme anapaswa kujulikana, tutarudi kwake. Dalali ni mtu anayemkutanisha anayetafuta nyumba na mwenye nyumba, kisha akalipwa kwa kuwakutanisha. Msimamizi wa nyumba ni mwingine kabisa: ameachiwa nyumba na mwenyewe, anakusanya kodi, anaita fundi bomba likipasuka, na anaweza kuwa mpwa wa mwenye nyumba, mpangaji wa siku nyingi au kampuni. Dalali wa mahakama, yule anayekuja na amri ya kutoa watu vyombo nje, hahusiani na habari hii hata kidogo.

Tatizo ni kwamba dalali hupenda kuongea kama msimamizi. "Nyumba yangu ya Kimara", "wapangaji wangu", "mimi ndiye ninayeamua pale". Usimkatalie, ndivyo wanavyoongea. Wewe jiulize swali moja tu: huyu ana mamlaka gani juu ya nyumba hii? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtambua wakala, na ahadi ya wakala humfunga aliyemtuma. Lakini lazima awe ametumwa kweli, na kwa jambo hilo. Mtu aliyeambiwa "nitafutie mpangaji" hajaambiwa "nipokelee kodi". Ugomvi mwingi wa pango unaanzia kwenye pengo lililo kati ya sentensi hizo mbili.

Pesa yake inatoka wapi

Umewahi kumwona mpigadebe pale stendi. Anakushika mkono, anakuhakikishia kuna siti, anakuambia gari linaondoka sasa hivi. Gari likijaa analipwa chake, anabaki stendi kuita abiria wa gari jingine. Njia nzima uko na dereva. Mpigadebe hajui breki zina hali gani, na hata angejua, hakulipwa kwa ajili hiyo.

Dalali wa nyumba yuko hivyo. Kipato chake kinaingia siku moja, siku ambayo wewe na mwenye nyumba mnakubaliana. Kabla ya hapo anatumia tu: bando la kupakia picha, nauli ya bodaboda, muda wa kusubiri mteja aliyesema "nipo njiani" akiwa bado kitandani. Baada ya hapo hana kinachoingia. Ukilielewa hilo, tabia zake nyingi zinapata maelezo: kwa nini anakuharakisha, kwa nini kila nyumba "kuna mtu anakuja kulipia jioni", kwa nini anakuwa mpole asubuhi na simu haipokelewi wiki inayofuata maji yakikatika.

Kwa hiyo jibu la swali la kichwa cha habari ni kwamba dalali hakufanyii kazi wewe, na mara nyingi hamfanyii mwenye nyumba pia. Anayafanyia kazi makubaliano. Si lawama hiyo. Ni mpangilio wa malipo, na ukishaujua unaweza kushirikiana naye vizuri bila kumtarajia awe mlinzi wako.

Malipo yenyewe, kwa mazoea ya Dar, ni kodi ya mwezi mmoja, na anayelipa ni mpangaji. Tufanye hesabu. Chumba na sebule cha Sh250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6: hiyo ni Sh1,500,000. Weka udalali Sh250,000. Umetoa Sh1,750,000 kabla hujanunua pazia. Ukihama baada ya miezi hiyo 6, ule udalali umeongeza karibu Sh42,000 juu ya kila mwezi uliokaa. Ukikaa miaka 2, umeongeza kama Sh10,400 tu. Mtu anayejua kazi yake ni ya mkataba wa miezi michache angepaswa kuipiga hesabu hii kabla ya kuanza kubishana na mwenye nyumba kuhusu kupunguziwa elfu kumi. Udalali nao unajadiliwa, hasa nyumba ikiwa imekaa wazi muda mrefu au kodi ikiwa kubwa. Wengi hawaombi kupunguziwa kwa sababu wanadhani ni kama tozo ya serikali.

Hela ya kuonyeshwa

Hakuna kinachowaudhi wapangaji kama hii. Unaombwa elfu kumi, ishirini au zaidi ili uoneshwe nyumba, unaipenda au huipendi, pesa imekwenda.

Nawaelewa pande zote mbili. Upande wa dalali, wapo wateja wanaozungushwa Sinza, Mwenge, Makongo mpaka jua linazama, kisha wanasema "nitafikiria". Wapo wanaooneshwa nyumba mchana na kurudi kwa mwenyewe usiku peke yao. Hela ya kuonyeshwa ni kinga yake dhidi ya watu hao. Upande wa mpangaji, wapo madalali ambao hawana nyumba kabisa. Biashara yao ni hiyo elfu ishirini. Wanakupeleka kwenye nyumba wanazojua utazikataa, au wanapakia picha ya nyumba nzuri ya bei ya kutupa, ukifika "ndiyo imeshachukuliwa sasa hivi, lakini ipo nyingine". Anayepata watu watano kwa siku wa namna hiyo haoni haja ya kufunga biashara na mtu.

Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kupanda bodaboda, si mbele ya geti. Hela hiyo inahusu nyumba ngapi? Ni kwa nyumba moja, au kwa siku nzima, au mpaka nipate? Nikichukua nyumba, inakatwa kwenye udalali? Dalali mwenye kazi yake hajibu maswali haya kwa hasira, kwa sababu ameshayajibu mara nyingi. Akikubali, muombe ayaandike kwa ujumbe wa simu. Ombi jingine dogo lina faida kubwa: picha mpya au video fupi iliyopigwa siku hiyohiyo, ikionesha choo, jiko na barabara ya kuingilia. Picha za mitandaoni huzunguka, na nyumba moja huweza kuwa kwenye kurasa za madalali kumi ambao tisa kati yao hawajawahi kuikanyaga.

Na hilo ndilo jambo ambalo wapangaji hawalioni: nyuma ya dalali wako kuna dalali mwingine. Uliyemkuta Instagram anaweza kuwa anaishi Mbagala na nyumba iko Goba. Ana mtu wake wa Goba, yule anayemjua mwenye nyumba na anayeshika funguo, na udalali watagawana. Hakuna ubaya, ila ukipata mkanganyiko wa bei au wa tarehe, ongea na aliye karibu zaidi na mwenye nyumba. Wa mtandaoni anarudia alichoambiwa.

Cha juu

Mwenye nyumba amesema 250,000. Dalali anakuambia 300,000. Watu wengi wanajua mchezo huu upo, wachache wanajua unavyofanya kazi. Ili dalali aile ile 50,000 ya kila mwezi, lazima kodi ipitie mikononi mwake. Ukimlipa mwenye nyumba moja kwa moja, ataona miezi 6 imekuwa 1,800,000 badala ya 1,500,000 na atashangaa, au atafurahi na kuichukua yote. Ndiyo maana dalali wa aina hii atakuwa na sababu nzuri sana ya wewe kutokutana na mwenyewe: yuko safarini, anaumwa, ni mtu mkubwa hapendi usumbufu, "mimi ni kama mwanawe".

Kanuni, basi, ni rahisi kuisema na ngumu kuishikilia ukiwa na haraka: kodi kwa mwenye nyumba, udalali kwa dalali, na hizi ni njia mbili tofauti. Kodi iende benki au kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Udalali ulipwe mkataba ukishasainiwa na funguo ziko mkononi, na ulipwe wote, bila kumzungusha mtu. Ukilipa kodi kwa mwenyewe na bei ikaja chini ya ile uliyotajiwa, hapo ndipo utajua.

Mwenye nyumba ni nani hasa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wapangaji wanakopoteza pesa kubwa.

Nyumba nyingi za Kinondoni, Magomeni, Temeke na Ilala ni za familia. Baba alijenga, baba akafariki, watoto saba wamebaki. Mmoja anaishi pale, ndiye anayejua madalali, ndiye anayepokea kodi. Unaingia, unalipa miezi 12, mwezi wa tatu anakuja dada yao kutoka Morogoro na karatasi ya mahakama inayosema yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na hamtambui mpangaji yeyote. Dalali hatakuwepo. Hata akipokea simu atakuambia ukweli wake: alimkutanisha mtu na mtu.

Kwa nyumba ya urithi, uliza jina la msimamizi wa mirathi na usaini naye. Kwa nyumba isiyo ya urithi, omba kuona chochote kinachomuunganisha mtu na nyumba: hati, leseni ya makazi, mkataba wa mauziano, hata risiti. Sehemu nyingi za Dar hazina hati, kwa hiyo kukosa hati peke yake si ushahidi wa utapeli. Ushahidi wa kweli uko mtaani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mwenyekiti au mtendaji nyumba ile ni ya nani. Ongea na mpangaji wa chumba cha pili, ukiwa peke yako, dalali akiwa mbali kidogo. Atakuambia mambo ambayo hakuna mkataba ungeyataja: maji yanatoka siku zipi, mita ya umeme mnachangia wangapi, na kwa nini aliyekutangulia aliondoka.

Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa zina habari yake. Ukiambiwa na dalali kuna mtu "anaachia" fleti ya Shirika katikati ya mji na anataka umlipe yeye, elewa kwamba unapangishwa na mpangaji. Shirika limekuwa likikemea watu kupangisha nyumba zake bila idhini, na siku likija kukagua, mwenye mkataba nalo si wewe.

Mambo yanayosemwa kana kwamba ni sheria

"Sheria inasema miezi sita." Haisemi. Kodi ya miezi 3, 6 au 12 ni makubaliano, na msukumo wake ni soko: mwenye nyumba anataka pesa ya mkupuo ya kumalizia ujenzi au kulipa ada. Tanzania iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wameachiwa kupatana wenyewe.

"Bila karatasi hakuna mkataba." Nayo si kweli kabisa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji usiozidi mwaka mmoja unaweza kuwa hata wa mdomo. Shida ya mdomo ni kuuthibitisha siku ya ugomvi. Andikeni, hata ukurasa mmoja: majina, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi, nani anatengeneza nini. Dalali asaini kama shahidi, si kama mpangishaji.

"Dalali ndiye anayepandisha kodi mjini." Kuna chembe ya ukweli. Anayelipwa kwa kila mpangaji mpya hana sababu ya kufurahi ukikaa miaka mitano, na wapo wanaomnong'oneza mwenye nyumba kwamba "siku hizi hii inakwenda laki nne". Lakini hawezi kukuza bei isiyo na wateja. Barabara ya lami ikifika, kodi inapanda hata madalali wote wakilala.

"Kodi ya jengo inalipwa na mpangaji." Hili lilianza Agosti 2021, kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 Sh1,500. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, lakini anayedaiwa ni mwenye jengo. Kwa mwaka ni Sh18,000. Si pesa ya kuvunja undugu, ila semeni mapema kama itapunguzwa kwenye pango. Vivyo hivyo ile asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango, ile inayozuiwa kwenye malipo ili iende Mamlaka ya Mapato, TRA: kisheria inakatwa kutoka kwenye kipato cha mwenye nyumba. Akisema "na ile ya TRA ni juu yako", anakupandishia pango kwa jina lingine, na unaweza kukubali au kukataa kama unavyofanya na bei yoyote.

Na hili la mwisho linawahusu wapangaji: "nikishaijua nyumba, dalali wa nini?" Kumruka dalali baada ya kukuonesha ni kumdhulumu jasho lake, na mtaa hausahau. Mwenye nyumba anayemtegemea dalali huyo kwa vyumba vyake vingine huwa hataki ugomvi, kwa hiyo mara nyingi anamwambia. Unahamia ukiwa tayari na adui anayejua unakolala.

Kumpa dalali kitu cha kufanyia kazi

Lalamiko la kawaida la madalali ni mteja asiyejua anachotaka. "Nitafutie nyumba nzuri, bei ya kawaida" haimsaidii mtu. Mwambie kiasi chako cha juu kwa mwezi na una miezi mingapi mkononi, kwa sababu mwenye laki mbili kwa miezi 3 na mwenye laki mbili kwa mwaka wanaoneshwa nyumba tofauti. Mwambie mko wangapi, kama kuna watoto wadogo, kama una gari, kama unapika chakula cha kuuza. Wapangaji huficha watoto na biashara kwa kuogopa kukataliwa, kisha wanakataliwa mbele ya mwenye nyumba na siku imepotea kwa wote watatu. Mtajie pia usichokitaka: choo cha kuchangia, bondeni, karibu na baa. Eneo lolote la Dar linalojaa maji, kaliangalie siku ya mvua au muulize muuza genge wa pale. Dalali hataonesha nyumba ya bondeni mwezi Aprili.

Na usiwape kazi madalali watano kwa wakati mmoja bila kuwaambia. Wanafahamiana. Watakupeleka kwenye nyumba zilezile na kila mmoja ataidai ile ya kuonyeshwa.

Kwa Mtanzania anayehamia Nairobi, mambo yanageuka. Kule ajenti mara nyingi ndiye msimamizi hasa: anakusanya kodi kila mwezi, anashika amana, anatuma fundi. Kumlipa yeye ni kawaida, mradi awe halali, na hilo linaweza kukaguliwa kwa sababu Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi inayowasajili. Mkenya anayekuja Dar hukosea upande wa pili: anamkabidhi dalali kodi yote kwa mazoea ya kwao.

Mambo yakiharibika, tofautisha aina ya kosa. Aliyepokea kodi ya nyumba isiyo yake na kuzima simu amefanya utapeli. Peleka polisi ujumbe, muamala na jina lililotokea kwenye simu. Mwenye nyumba anayekutoa kabla ya muda, anza na serikali ya mtaa, kisha baraza la kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dalali aliyepokea udalali wa nyumba ambayo hukuingia, mdai arudishe au akutafutie nyingine bila malipo. Wengi huchagua la pili, na ukikubali, muwekee tarehe.

Siku ya kuingia, kabla ya kushusha godoro, piga picha kuta, mabomba, soketi, vioo, na namba iliyopo kwenye mita ya umeme na ya maji, kisha zitume kwa mwenye nyumba papo hapo. Deni la maji la aliyekutangulia ni rahisi kulikataa siku hiyo kuliko mwezi unaofuata.